Maswali ya Wasomaji: Kidole Hakisomwi Baada ya Sasisho

Safari hii tumekusanya pamoja maswali yanayohusu kisomaji cha alama za vidole kwenye laptopu. Karibu yote yanaanza kwa namna moja: jana kilikuwa kinafanya kazi, mashine ikajisasisha, leo hakifanyi.

Laptopu yangu ni ya mtumba, ina Windows 11. Ilijisasisha usiku, asubuhi naweka kidole, kimya. Kwenye mipangilio naambiwa haikuonekana "fingerprint scanner" inayokubaliana na Windows Hello (mfumo wa Windows wa kuingia kwa PIN au kidole). Nianzie wapi? (Msomaji, Morogoro)

Pole, ndugu msomaji. Anza kwa kujua kama kompyuta bado inakiona kifaa chenyewe. Sasisho ni nadra sana kuua kisomaji. Linachoharibu mara nyingi ni mawasiliano kati yake na Windows, na hayo hurekebishika bila kufungua skrubu hata moja.

Kabla ya yote, izime mashine kabisa. "Shut down" ya kawaida haitoshi, kwa sababu Windows ina utaratibu wa kuwaka haraka unaohifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski, na ukiwasha tena draiva (programu zinazoiwezesha Windows kuongea na vifaa) zinaendelea na hali ileile ziliyolala nayo. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika `shutdown /s /t 0`, bonyeza Enter. Ikishazima, chomoa chaja na kila kilichochomekwa, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, achia, rudisha chaja, washa. Visomaji vingi vimeungwa kwa USB ya ndani, na njia hiyo inaweza kubaki na umeme kidogo hata laptopu ikiwa imezimwa. Kama draiva ilibadilishwa wakati chipu ya kisomaji iko macho, chipu inaweza kuganda, na kuwasha upya mara kumi hakutaigandua mpaka umeme huo ukatike. Hatua hii ni ya dakika mbili na haigharimu bando, kwa hiyo usiiruke.

Hali ikiwa bado ni ileile, bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua "Device Manager", utafute kundi la "Biometric devices". Kama halipo, fungua menyu ya "View", weka tiki kwenye "Show hidden devices", kisha uangalie pia "Other devices". Kifaa kilichopoteza draiva huhamia huko kikiwa na alama ya njano. Kibofye mara mbili usome msimbo. Code 28 maana yake hakina draiva kabisa. Code 10 ni draiva ipo lakini imeshindwa kukiamsha kifaa. Code 43 ni kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu, na hiyo ndiyo inayopona sana kwa kukata umeme kama tulivyoeleza. Code 45 inasema kifaa kiliwahi kuwepo lakini kwa sasa hakionekani kwenye mashine. Hapo ruka moja kwa moja hadi jibu la swali kuhusu fundi hapa chini.

Sasa jua aliyekitengeneza. Ukiwa kwenye dirisha hilohilo, nenda "Details", kisha kwenye orodha chagua "Hardware Ids". Utaona mstari unaoanza na USB\VID_ na herufi nne. 06CB ni Synaptics, 138A ni Validity (kampuni iliyonunuliwa na Synaptics), 27C6 ni Goodix, 04F3 ni ELAN. Ziandike, kwa sababu laptopu za modeli moja zinaweza kutoka kiwandani na visomaji vya watengenezaji tofauti, na draiva ya Goodix haitafanya lolote kwenye kisomaji cha Synaptics. Hapa ndipo watu hupoteza bando bure: wanapakua kwa kufuata jina la laptopu, wanapata faili la kisomaji kisicho chao, wanalaumu sasisho.

Ukishajua, rudi nyuma kabla ya kwenda mbele. Kwenye "Driver" bonyeza "Roll Back Driver". Kikiwa kinabonyezeka, Windows bado imeitunza draiva ya zamani, na tatizo linaweza kuisha hapo bila intaneti. Kikiwa kimefifia, chagua "Uninstall device" na uweke tiki kwenye kisanduku cha kuondoa na draiva yake pia. Usipoweka tiki hiyo, Windows itachukua draiva ileile mbovu kutoka kwenye ghala lake na kuirudisha. Kisha pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu kwa kuingiza namba ya mashine iliyoandikwa upande wa chini wa laptopu, sakinisha, washa upya. Zile tovuti zinazojitangaza kuwa zina draiva za kila kifaa, ziepuke.

Kifaa kikiwa kinaonekana bila alama yoyote ya njano na bado kidole hakisomwi, tatizo liko juu zaidi. Bonyeza Windows na R, andika `services.msc`, utafute "Windows Biometric Service". Isiwe "Disabled", na kama imesimama bonyeza "Start". Ikiwa inafanya kazi lakini kila ukisajili kidole inakwama katikati, huenda kumbukumbu ya alama zilizosajiliwa imeharibika. Isimamishe huduma hiyo, nenda kwenye folda ya C:\Windows\System32\WinBioDatabase, nakili faili zilizomo mahali pengine, zifute, uwashe huduma tena. Hii inafuta usajili wa kila mtumiaji wa mashine hiyo, kwa hiyo kama mnatumia laptopu moja nyumbani, wenzako nao watasajili upya.

Na kama kidole kinasomwa vizuri baada ya kuwasha lakini kinakataa kila laptopu inapoamka usingizini, suluhisho ni fupi: Device Manager, kifaa chenyewe, "Power Management", ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kukizima ili kuokoa umeme. Masasisho hupenda kuirudisha tiki hiyo.

Kuliondoa sasisho zima liwe jambo la mwisho. Kama ni toleo jipya kabisa la Windows, una siku 10 za kurudi nyuma kupitia "Recovery", kisha faili za zamani hufutwa. Kama ni sasisho la kila mwezi, kuliondoa kunakurudishia na matundu ya usalama liliyokuja kuyaziba. Usikubali hali hiyo kwa sababu ya kidole wakati nywila bado inafungua.

Sasisho langu lilikuwa na BIOS ndani yake. Sasa hata PIN haikubali, inasema "your PIN isn't available". Rafiki yangu anasema niingie BIOS nifute TPM. Ni sawa? (Mwalimu, Machakos)

Mwalimu, usifute chochote leo.

Kwenye Windows Hello, kidole hakisimami peke yake. Huwezi kukisajili bila kuwa na PIN, na vyote viwili vinafungua ufunguo uliohifadhiwa na TPM, ile chipu ya usalama ya kwenye madabodi. Sasisho la BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows, linaweza kubadilisha hali ya chipu hiyo au kuifuta, na ufunguo ukishapotea, PIN na kidole hufa pamoja. Kisomaji chako hakina kosa lolote.

Hatari ni kwamba TPM hiyohiyo huenda inashikilia ufunguo wa diski yako. Laptopu nyingi za Windows 11, hata zenye toleo la Home, hufunga diski kwa BitLocker au "Device encryption" bila mwenyewe kujua. Ukiifuta TPM bila kuwa na ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48, utawasha mashine ikuombe tarakimu hizo, na mitihani, maksi na picha zako zitabaki ndani. Hakuna fundi wa kuzitoa.

Ingia kwa nywila ya akaunti. Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, andika `manage-bde -status C:`. Ikionyesha "Protection On", andika `manage-bde -protectors -get C:` na zile tarakimu 48 zitatokea chini ya "Numerical Password". Zinakili kwenye karatasi na uiweke mbali na laptopu. Kama umeingia kwa akaunti ya Microsoft, nakala huwa pia kwenye akaunti hiyo, sehemu ya funguo za akiba, na unaweza kuisoma kwa simu.

Baada ya hapo, nenda "Sign-in options", chagua PIN, halafu "I forgot my PIN". Uwe na intaneti, kwa sababu itathibitisha akaunti kwanza. Ikizunguka bila kumaliza, fungua Command Prompt ya kawaida, safari hii bila haki za msimamizi, uandike `certutil -DeleteHelloContainer`. Amri hiyo inafuta hifadhi ya Windows Hello ya akaunti yako peke yake, haigusi diski wala TPM. Toka kwenye akaunti, ingia tena kwa nywila, weka PIN mpya, kisha usajili vidole. Njia hii ni safi kuliko ile ya kunyang'anya ruhusa za folda ya NGC (inamokaa hifadhi hiyohiyo) na kuifuta kwa mkono, ambayo mafundi wengi wanaifanya.

Safari ijayo kabla ya kusasisha BIOS, sitisha ulinzi kwa `manage-bde -protectors -disable C:`, sasisha, kisha urudishe kwa kuandika `-enable` mahali pa `-disable`. Na chaja iwe imechomekwa, betri ikiwa na chaji ya kutosha kuimaliza kazi hata umeme ukikatika.

Fundi amesema kisomaji kimeungua kwa sababu ya sasisho na anataka nilipie kipya pamoja na ufundi. Nitajuaje kama ni kweli? (Mfanyabiashara, Mwanza)

Mwombe akuonyeshe kwamba hakionekani nje ya Windows. Kipimo ni hiki: chukua flashi ya GB 8 au zaidi, iwekee Ubuntu (mfumo endeshi wa aina ya Linux), washa laptopu kutoka kwenye flashi hiyo na uchague kujaribu bila kusakinisha. (Uwe na zile tarakimu 48 karibu, kama diski yako imefungwa.) Fungua terminal, andika `lsusb`. Ukiona mstari wenye 06cb, 138a, 27c6 au 04f3, kisomaji kinapata umeme na kinajitambulisha. Hakijaungua, kazi iliyobaki ni ya draiva. Angalizo moja: ELAN hutengeneza pia padi za mguso na skrini za kugusa, kwa hiyo 04f3 peke yake haitoshi, soma na jina lililo mbele yake. Na kuna laptopu chache ambazo kisomaji chake hakipiti USB bali njia iitwayo SPI. Hizo hazitaonyesha kitu kwenye `lsusb` hata kikiwa kizima.

Kisipoonekana, ingia BIOS kwanza. Laptopu nyingi za ofisini zina mahali pa kuzima kisomaji, na sasisho la BIOS linaweza kurudisha mipangilio ya kiwandani. Kwenye ThinkPad iko chini ya "Security", kisha "I/O Port Access". Laptopu ya mtumba iliyotoka ofisi fulani Ulaya au Dubai inaweza kuwa na nywila ya BIOS ambayo hukupewa. Hiyo ni shauri ya muuzaji, mrudie.

Kikiwa kimeruhusiwa kwenye BIOS na bado hakionekani, ndipo kifuniko kifunguliwe. Kisomaji huungwa kwa utepe bapa mwembamba unaopita chini ya sehemu ya kuegemeza viganja na kushikwa na kibano kidogo cha plastiki. Kama laptopu ilibadilishwa betri, kibodi au diski hivi karibuni, utepe huo ndio mshukiwa wa kwanza. Kibano hakikubanwa, au utepe umeingia mshazari. Zima, chomoa betri, inua kibano kwa kucha, sukuma utepe uingie sawasawa hadi mwisho, bana. Mara nyingi kazi inaishia hapo, na huo ni ufundi wa kulipia muda tu bila kununua kifaa.

Nilichoka nikanunua kisomaji cha nje cha kuchomeka USB. Laptopu ni mpya, inakiona, lakini Windows Hello inakikataa. (Msomaji, Arusha)

Laptopu mpya nyingi hutoka zikiwa na ulinzi ulioimarishwa wa kuingia, unaokubali visomaji vilivyothibitishwa tu. Nenda "Accounts", "Sign-in options", shuka hadi "Additional settings", utafute "Sign in with an external camera or fingerprint reader", uiwashe, kisha usajili upya. Ujue kwamba kuiwasha ndiko kunakouzima ule ulinzi. Kama kisomaji cha ndani kinaweza kutengenezwa, bora utengeneze hicho.

Natumia ThinkPad T480 yenye Ubuntu. Nimetoka 22.04 kwenda 24.04, alama za vidole zimetoweka kabisa kwenye mipangilio. Zamani zilikuwa zinafanya kazi, ingawa nakumbuka niliziweka kwa kufuata maelekezo marefu. (Mwanafunzi, Eldoret)

Hayo maelekezo marefu ndiyo jibu. Andika `lsusb`, kwenye T480 utaona 06cb:009a. Kisomaji hicho hakimo kwenye orodha ya libfprint, maktaba ya kawaida ya Linux kwa kazi hii. Kinaendeshwa na programu ya kujitolea iitwayo python-validity, pamoja na open-fprintd, zote zikitoka kwenye hazina ya nje, yaani ghala la programu lisilo la Ubuntu yenyewe.

Unapopanda toleo, mambo mawili hutokea. Ubuntu huzima hazina zote za nje ili zisivuruge upandaji. Pili, Python hubadilika: 22.04 ina 3.10, na 24.04 ina 3.12. Vifurushi vilivyosakinishwa kwenye folda ya Python ya zamani havionekani na mpya, kwa hiyo huduma inakufa kimya, na ukurasa wa mipangilio ukikosa huduma hauonyeshi sehemu ya vidole kabisa.

Angalia kwanza: `systemctl status python3-validity open-fprintd`. Ukiona haipo au imeshindwa, fungua "Software & Updates", sehemu ya hazina za nje, uirudishe ile ya zamani kwa jina la toleo jipya, yaani noble, baada ya kuhakikisha kwamba ina vifurushi vya noble. Kisha `sudo apt update` na usakinishe upya open-fprintd, fprintd-clients na python3-validity.

Huduma ikiwaka lakini ikilalamika kwamba haiwezi kuongea na kisomaji, chipu bado imeshikamana na usajili wa awali, pengine wa Windows. Isimamishe kwa `sudo systemctl stop python3-validity`, endesha `sudo validity-sensors-firmware`, kisha `sudo python3 /usr/share/python-validity/playground/factory-reset.py`, uiwashe tena huduma. Hii inafuta alama zote zilizo ndani ya chipu. Kama una Windows kwenye mashine hiyohiyo, vidole vya huko navyo vimeondoka. Malizia kwa `fprintd-enroll`, gusa mpaka iandike "enroll-completed", jaribu kwa `fprintd-verify`, halafu `sudo pam-auth-update` uweke nyota kwenye "Fingerprint authentication". Watu wengi husahau amri hii ya mwisho, kisha wanashangaa kidole kinakubali kwenye majaribio lakini skrini ya kuingilia inadai nywila.

Wenye ThinkPad mpya kidogo, zenye 06cb:00bd, hawahitaji hayo yote, libfprint inakifahamu kisomaji chao. Wao hukutana na "enroll-duplicate" baada ya kusakinisha mfumo upya: chipu bado ina kidole cha zamani, mfumo mpya hauna kumbukumbu nacho, kwa hiyo kila wakisajili wanaambiwa kipo tayari. Dawa iko BIOS: "Security", "Fingerprint", "Reset Fingerprint Data".

Na usipate wasiwasi ukiingia kwa kidole halafu Ubuntu ikakuomba nywila ya "keyring", hifadhi ya nywila ulizotunza kwenye mashine. Hifadhi hiyo imefungwa kwa nywila yako yenyewe, na kidole hakitoi nywila.

MacBook yangu kila ikisasishwa inadai nywila badala ya kidole. Imeharibika? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, dada. Touch ID hudai nywila kila mashine inapowashwa upya, inapokaa zaidi ya saa 48 bila kufunguliwa, na kidole kinapokosewa mara tano. Sasisho huiwasha upya, basi. Kikiendelea kukataa hata baada ya kuingiza nywila mara moja, kifute kidole kwenye "Touch ID & Password" ukisajili tena. Usikubali kubadilishiwa kitufe mtaani. Kitufe hicho kimeunganishwa na chipu ya usalama ya mashine yake, na kingine kikichomekwa bila zana za Apple kitawasha na kuzima tu, kidole hakitasoma.

Baada ya sasisho kidole kinasomwa mara moja kati ya tano. Hakijafa, lakini kinachosha. (Msomaji, Tanga)

Draiva mpya inaweza kupima ulinganifu kwa ukali kuliko ile ya zamani, na alama uliyosajili haraka haraka ndiyo ya kwanza kuangushwa. Futa vidole vyote, usafishe kisomaji kwa kitambaa laini kikavu, unawe mikono na kuikausha vizuri, kisha usajili polepole ukigeuza kidole kidogo kila mguso: ncha, pande zote mbili, na namna unavyokiweka ukiwa umekaa kikazi. Windows inaruhusu hadi vidole kumi. Weka gumba na shahada za mikono yote miwili, hasa kama unashika saruji, sabuni kali au kisu cha jikoni, kwa sababu ngozi iliyokauka au kukatwa haisomeki ilivyosomeka jana.

Jaribu pia ukiwa umechomoa chaja. Visomaji vingi hupima umeme mdogo mno kati ya ngozi na kioo chake, na chaja isiyo na waya wa ardhi, au soketi ambayo tundu lake la ardhi halijaungwa, inaweza kuvuruga kipimo hicho. Kikisoma vizuri kwa betri na kukataa kwa chaja, iache draiva, kaguza chaja na soketi.

Na ulipouliza mwishoni mwa barua yako kama alama zako zimetumwa kwa Microsoft: hapana. Kinachohifadhiwa ni vipimo vya kidole, si picha yake, na vinabaki ndani ya mashine. Siku ukiiuza, vifute kwenye "Sign-in options" kabla hujaisafisha diski, kwa sababu visomaji vingine huvitunza ndani ya chipu yao, na kusafisha diski hakuvifikii.